Waifai ikivuta miguu usikimbilie kuongeza pakeji

Watu wa hapa Mombasa wananiuliza sana mambo ya neti za nyumbani, na karibu wote swali ni lile lile, ati nipande pakeji gani, manake hii niliyonayo haifai, video yazunguka tu, watoto wanalalamika, mtu yuko kwenye mkutano wa kazi sauti inakatika katika mpaka anaambiwa azime kamera. Jibu langu halibadiliki: usiongeze hata shilingi kabla hujapima kwa waya. Nimeona niliandike kwa urefu kwa sababu inaniuma kumuona mtu anatoka megabiti 10 anapanda 40, kila mwezi pesa inamtoka zaidi, na ukikaa naye chumbani kwake spidi ni zile mbili tatu za mwanzo.

Neti ya nyumbani ina vipande viwili. Kuna laini inayokuja kutoka nje, iwe ni fiba au ile rauta ya laini ya simu ya 4G au 5G, inaishia kwenye rauta, kile kisanduku kinachorusha waifai. Alafu kuna hewa, kutoka kwenye rauta mpaka kwenye simu yako. Kampuni inakuuzia kipande cha kwanza. Cha pili ni wewe na kuta zako na majirani zako, na pakeji hata iwe kubwa vipi haipiti ukuta kwa sababu ya ukubwa wake. Ukilijua hilo basi kazi inayobaki ni kujua ugonjwa uko kwenye kipande gani.

Kabla ya kupima tuelewane hesabu, manake ugomvi mwingi unaanzia hapa. Pakeji inauzwa kwa megabiti kwa sekunde, ile Mbps yenye b ndogo. Kompyuta ikishusha faili inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo ukiwa na Mbps 10 na faili lashuka kwa megabaiti 1.25 kila sekunde, hiyo ndio 10 yako kamili hujaibiwa, na filamu ya gigabaiti 1 itakuchukua dakika 13 na kidogo. Video ya HD kamili inataka kama Mbps 5, ya 4K kama 15, simu ya sauti ya WhatsApp haifiki hata 1. Hesabu watu wa nyumba yako na wanachofanya kwa wakati mmoja, utakuta mara nyingi pakeji uliyonayo yatosha kabisa ila haikufikii.

Sasa kupima. Chukua laptopu yenye tundu la waya wa LAN (ule wa kuunganisha kompyuta na rauta), kama haina azima adapta ya USB, chomeka moja kwa moja kwenye rauta, zima waifai ya laptopu yenyewe (watu husahau hapa, wanachomeka waya na laptopu bado inatumia hewa), waambie wa nyumbani wapumzike kidogo na simu, alafu fungua fast.com au Speedtest, zile za kupima spidi. Pima asubuhi na upime tena saa tatu usiku watu wote wakiwa majumbani. Andika namba mahali. Ukiwa na pakeji ya kupita Mbps 100 na ikakwama kwenye 94 hivi haitaki kupita, angalia waya, manake waya wa LAN una jozi nne za nyaya ndani na moja ikikatika au kushika kutu rauta na laptopu zote mbili zinashuka mpaka 100, au tundu la rauta lenyewe ni la 100. Na hapa kwetu kutu si hadithi, hewa ya chumvi inakula zile shaba za kwenye kichwa cha waya, hasa nyumba za karibu na maji, hata vikiwa ndani. Kama huna laptopu kabisa, simama na simu mita moja kutoka kwenye rauta ukiwa umeshika ile waifai ya gigahezi 5 (nitaieleza mbele), si kipimo safi lakini chakaribia.

Waya ukikupa unacholipia na chumbani hupati, basi laini yako nzima, ugonjwa uko hewani, na kwa uzoefu wangu wengi wanaonilalamikia wako hapa.

Na hapa ndipo Mombasa ina mambo yake. Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wanaokaa nyumba za mbao na ubao wa jasi, ukuta wimbi linapita halijui limepita. Njoo Mji wa Kale. Zile nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unaweza kufika nusu mita, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Sasa fikiria rauta imewekwa pale mbele karibu na mlango, kwa sababu ndipo fundi alipoingizia waya akaona kazi imekwisha, na wewe walala chumba cha ndani. Wimbi lapiga ukuta wa nusu mita, lakwenda mita tatu, lapiga ukuta mwingine, mita tatu, ukuta mwingine. Likikufikia limechoka. Kwa nyumba kama hizi ule upana wa vyumba, ambao babu zetu walipimiwa na mti wa mkoko, ndio unaoamua neti yako leo, na mimi kila nikiingia nyumba ya hivyo jambo la kwanza nahesabu kuta, sihesabu mita.

Dawa yake ni kufuata uwazi. Nyumba hizi nyingi zina ua wa kati au ngazi iliyo wazi inayopanda mpaka juu, na wimbi likipata uwazi linaruka ruka kwenye kuta na kuingia milangoni vizuri kuliko kupasua jiwe. Rauta itoke kule mbele ikae mahali panapotazama ule uwazi, juu, si chini sakafuni. Ami yangu anakaa nyumba ya ghorofa tatu, alishaamua kabisa anahama kampuni. Nikamwambia "Ami, ngoja kwanza tuisogeze." Tukavuta waya mrefu tukaipandisha rauta kwenye ukuta wa ngazi ghorofa ya pili, na vyumba vya juu vilivyokuwa havishiki kabisa sasa watu wanatazama mpira. Pakeji ni ile ile.

Nyumba za Kiswahili za Majengo na kwengineko, zile za korido katikati na vyumba huku na huku, ni rahisi zaidi, rauta ikikaa juu katikati ya korido kila chumba kinapata kupitia mlangoni au ukuta mmoja tu. Fleti za Nyali, Bamburi au Tudor ukuta wa ndani ni wa tofali za kawaida una nafuu, lakini sakafu ni zege na nondo, kwa hivyo usitarajie rauta ya chini ihudumie ya juu.

Kuna vitu vya ndani ya nyumba pia watu hawavidhanii. Maji yanakula mawimbi. Na sisi Mombasa maji ya mfereji tunavyoyajua, kila nyumba ina mapipa, ina tangi dogo, mitungi imepangwa, na mara nyingi rauta imewekwa nyuma yake au juu yake. Friji ni bati, kioo kikubwa cha kabati la nguo kina madini nyuma, na maikrowevu ikiwaka inapiga kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ambayo waifai inatumia. Usifungie rauta ndani ya kabati la tivii ukafunga na mlango. Kwanza wimbi, pili joto. Rauta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi 40, na mwezi wa tatu hapa kabla ya masika hewa ya nje peke yake inafika 32 au 33, sasa ndani ya kabati juu ya king'amuzi ni ngapi? Ikipata moto inaanza kukatika, unazima na kuwasha inakaa sawa nusu saa, yarudi vile vile. Ukiona mtindo huo, iguse.

Simu ya Android ukiweka apu ya kusoma mawimbi, kama ile WiFi Analyzer, inakupa nguvu ya wimbi kwa namba za hasi, dBm. Ikikaribia sifuri ndio bora. Karibu na rauta utaona -40 au -50. Mpaka -67 hivi simu ya video inakwenda vizuri, ikifika -80 hapo ni kuomba Mungu. Tembea na simu chumba kwa chumba, simama mlangoni, pita mlango, tazama namba inavyoanguka, utaujua ukuta unaokuumiza bila kuuliza mtu.

Alafu masafa. Rauta nyingi za sasa zinarusha mbili, 2.4 na 5 (hii 5 ya waifai haina uhusiano na 5G ya laini ya simu, ni gigahezi). 5 ni ya kasi lakini ukuta unaishinda haraka. 2.4 inafika mbali ila pole pole na imejaa watu. Rauta ikizipa zote jina moja, simu inajichagulia, na mara nyingi inaganda kwenye 2.4 hata ukikaa karibu kabisa na rauta. Mimi hupenda kuzitenganisha majina, ili tivii na laptopu ya kazi zikae kwenye 5, na vitu vya mbali kama kamera ya getini vibaki 2.4. Kuingia kwenye setingi unaandika kwenye brauza namba kama 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.100.1, yako imeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta pamoja na paswadi ya kuingilia, na hiyo paswadi ibadilishe.

Kwenye fleti kubwa fungua orodha ya waifai uone majina, jirani wa juu, wa chini, duka la simu, saluni, wote wanaongea kwa wakati mmoja. 2.4 ina chaneli, yaani vijia vya kurushia, 1 mpaka 13 lakini zimepandana, chaneli moja inajitanua megahezi 20 wakati nafasi kati yao ni 5 tu, kwa hivyo zisizogusana ni tatu, 1, 6 na 11. Rauta ikiwa kwenye 3 au 4 inagombana na wa 1 na wa 6 pamoja. Chagua ile yenye watu wachache kati ya hizo tatu, na upana weka 20, usiweke 40, kwenye jengo lililojaa 40 inakuongezea magomvi tu. Kwenye 5 kuna nafasi kubwa zaidi. Chaneli 36 mpaka 48 hazina masharti, lakini kuanzia 52 mpaka 144 zinatumika pamoja na rada, na rauta inatakiwa isikilize kwanza dakika nzima kabla ya kurusha, ikisikia rada yahama. Ukiona waifai ya 5 inapotea yenyewe alafu inarudi bila stima kukatika, irudishe kwenye 36 uone.

Jambo la majirani nalisema kwa heshima, manake sisi ni watu wa kugawana na sitaki kumwambia mtu amnyime jirani. Lakini hewa ni zamu. Rauta haiongei na wote mara moja, inampa huyu kidogo na yule kidogo, na simu iliyo mbali nyuma ya kuta mbili inaongea pole pole sana, kwa hivyo kupakua picha moja inachukua zamu ndefu kuliko wewe uliye karibu kupakua kumi. Kwa hivyo jirani wa mbali hata akiwa anasoma habari tu anaweza kuwachelewesha wote. Kama wataka kumpa, mpe vizuri: fungua ile waifai ya wageni, iwekee kikomo, na kama mnaelewana vuteni waya mpaka kwake aweke kirauta chake, mtapata nafuu nyote wawili. Kama humpi mtu na orodha ya vifaa kwenye rauta ina majina usiyoyajua, badilisha paswadi na uzime WPS (ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswadi).

Ripita nazo, vile vifaa vya kupokea waifai na kuirusha tena. Zile za kuchomeka kwenye soketi zinauzwa kila duka, na watu wananunua alafu wanazichomeka pale pale ambapo hakuna wimbi. Ripita inarudia inachosikia, ikiwa haisikii itarudia nini? Iwekwe njia ya kati, mahali bado pana -65 hivi. Na ile ya kawaida inasikiliza na kurusha kwa chaneli moja, kwa hivyo spidi inakatika karibu nusu. Kwa nyumba za mawe ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi, vuta waya wa LAN mpaka ghorofa au chumba cha mbali, weka hapo rauta ya pili iliyogeuzwa kuwa akses pointi (kazi yake ni kurusha waifai tu), jina lile lile na paswadi ile ile. Waya wa mita 20 au 30 na rauta ya zamani iliyolala kwenye droo inashinda vifaa vingi vya bei, na waya wa LAN unakwenda mpaka mita 100 bila taabu.

Wenye rauta za laini ya simu wana mtihani wao, manake rauta inavutwa pande mbili. Kwa ajili ya mnara inataka dirisha, kwa ajili ya nyumba inataka katikati. Anza na mnara kwanza. Kwenye setingi kuna namba inaitwa RSRP, ndio nguvu ya wimbi la mnara, -80 ni nzuri, -110 ni mbaya, izungushe dirisha kwa dirisha mpaka upate bora, ikae hapo, alafu tatizo la ndani litatue kwa waya na akses pointi kama nilivyosema. Na kama RSRP ni nzuri na bado usiku inalala wakati alfajiri inakimbia, mnara umejaa, hapo hakuna la kufanya nyumbani.

Kuna nyumba nyingine wimbi ni zuri, kipimo ni kizuri, na simu ya video bado inakatika. Angalia upande wa kupandisha. Kamera za usalama zinazotuma video mtandaoni mchana kutwa, simu za watu wanne zikifika nyumbani zote zinaanza kupandisha picha, njia ya kupandisha inajaa, na hata vijibu vidogo vya kurudi vinakaa foleni. Pima ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde) mtu akiwa anapandisha kitu: ikitoka 20 ikaruka 400 umeshampata. Rauta yenye QoS (setingi ya kupanga nani apite kwanza) iwekee kikomo cha kama asilimia 85 au 90 ya spidi yako halisi, foleni itahamia kwako ambapo inaweza kupangwa.

Na lile swali la kila mtu, mbona mikonga ya chini ya bahari inatua hapa hapa kwetu na bado tunateseka? Ni kweli inatua hapa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy 2010, LION2 2012, PEACE 2022, na yote imeleta faida kubwa. Lakini mkonga kutua Nyali hakukufupishii ukuta wa chumba chako. Ila kuna siku ugonjwa ni wa huko baharini kweli, kama tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikahisi. Siku kama hiyo utaijua hivi: kwenye Speedtest chagua seva ya Mombasa au Nairobi, itakupa spidi yako yote, alafu chagua ya Ulaya, inatambaa. Ukiona hivyo iache rauta yako, usiifute setingi, haina kosa.

Limebaki lile jibu la pili la kipimo, waya wenyewe kukupa kidogo. Kwa wenye fiba tazama kwanza kile kisanduku ambacho uzi wa fiba unaingia. Taa ya LOS ikiwa nyekundu mwanga haufiki kabisa. Kama haijawaka, fuata ule uzi mwembamba mpaka ukutani, umekunjwa mahali? Umebanwa na mguu wa kochi au mlango? Ndani ni kioo, ukikunjwa sana mwanga unavuja pale kwenye kona, na hauhitaji kukatika ili ukuletee shida. Kwenye setingi za kisanduku kuna namba ya mwanga unaopokelewa, nayo ni hasi, ikiwa -20 au -22 ni salama, ikiteremka mpaka -27 na kuendelea basi uko ukingoni. Usichomoe kile kichwa cha kijani kukifuta na shati, vumbi dogo linatosha kuharibu, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Hapo sasa piga simu, na usiseme "neti iko chini", manake utaambiwa uzime na uwashe. Sema: nimepima kwa waya, waifai imezimwa, saa tatu usiku napata 4 kati ya 20, saa kumi na mbili asubuhi napata 19, LOS haijawaka, mwanga ni -28. Mtu wa upande wa pili akisikia hivyo anajua hana pa kukurudisha, anafungua tikiti, yaani anaandikisha tatizo lako lishughulikiwe. Tuma na picha za vipimo. Na fundi akija, kabla hajafunga begi lake, mwambie achomeke laptopu yake kwenye rauta apime mbele yako, alafu mwende pamoja mpaka kile chumba cha ndani.